Gunia limeisha kabla ya wakati: majibu ya barua zenu za bajeti ya chakula

Barua nyingi nilizopokea mwezi huu zinatoka kwa watu walionunua chakula kwa jumla ili wabane matumizi, na sasa hawana hela wala chakula. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana ndiyo mama wa nyingine zote.

*

*Dada, shikamoo. Tuko watano nyumbani, Kimara, na bajeti yetu ya chakula ni laki nne kwa mwezi. Mwezi wa saba nilinunua gunia la mchele la kilo 100 kwa 220,000, nikajua nimefika Krismasi. Limeisha mwezi wa tisa, nimerudi kwa mangi kununua kilo kwa 2,800. Nimekosea wapi?*

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza muache dada wa kazi. Najua ulishaanza kumwangalia kwa jicho la upande, lakini hakukuibia.

Watu watano wanaokula wali mara moja kwa siku humaliza kilo moja na robo hivi. Kilo 100 ukizigawa kwa hapo unapata siku 80. Gunia lililofunguliwa tarehe 5 Julai linakung'utwa tarehe 22 Septemba, na hapo hakuna mwizi wala mgeni. Kufika Krismasi ulihitaji zaidi ya kilo 215, yaani magunia mawili na ushee. Kwa hiyo kosa la kwanza ni kununua kabla ya kujua mnakula kiasi gani. Weka kopo moja ndani ya mchele, liwe hilohilo siku zote, uandike kila unachochota kwa wiki mbili. Kopo lina faida nyingine pia: mchele wa mangi tunaupima kwa macho mawili, ila wa gunia mkono unakuwa mwepesi, tunachota kwa bakuli na ukoko tunawamwagia kuku wa jirani.

Kosa la pili ndilo kubwa, nalo hukuliandika. Mwezi wa nane ulikuwa hununui mchele. Ile hela ya mchele ilikwenda wapi? Kwa bei ya mangi mlikuwa mnatumia kama 105,000 kwa mwezi. Gunia lilipoingia, laki hiyo ikabaki haina kazi, na hela isiyo na kazi haikosi mchango wa harusi. Gunia lilipoisha ukakuta mshahara ni uleule na hakuna cha kununulia lingine.

Fanya hivi: jiuzie mwenyewe huo mchele. Kila wiki, toa hela ambayo ungempelekea mangi, weka kwenye kibubu au laini ya simu ambayo huitumii kwa mambo mengine. Baada ya siku 80 utakuwa umejilipa 280,000. Toa 220,000 ya gunia jipya, toa nauli ya bajaji, kinachobaki ndiyo faida yako halisi. Gunia la pili halitagusa mshahara.

Utaniuliza la kwanza linapatikanaje. Ukitoa 220,000 kwenye laki nne unabaki na 180,000 za mafuta, unga, mboga, sukari na gesi. Ikifika katikati ya mwezi unaandikwa kwenye daftari la mangi, na akiba imegeuka deni. Anza na kiroba cha kilo 25, au nusu gunia na jirani. Mwanzoni mwa mwaka, Januari ya ada ikishapita, tenga elfu thelathini kila mwezi bila kununua chochote, ili mpunga mpya ukishuka katikati ya mwaka uende na hela mkononi. Ukifika dukani, gunia lipandishwe kwenye mzani ukiwa unatazama.

Na kwa kuwa umenunua mwezi wa saba: mchele mpya hushikana na haufumuki kama wa zamani. Punguza maji, la sivyo watoto watasema umepika bokoboko.

*

*Dada, mama amenitumia magunia mawili ya mahindi kutoka Songea. Naishi Dodoma. Mwaka jana yalibunguliwa yote, nikaishia kuuza kwa wafugaji. Safari hii nifanyeje?*

Kaka, mwaka jana yawezekana wadudu walikuja nao kwenye lori. Yule dumuzi mkubwa wengine wanamwita Skania, na hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Aliingia nchini kupitia Tabora zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na anakula hata mbao za ghala.

Anza na ukavu. Chukua chupa kavu inayoonyesha ndani, weka mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani juu ya turubai. Ikishuka yote chini, unaweza kuhifadhi.

Halafu tafuta mifuko ya kinga njaa kwenye duka la pembejeo. Ndani ina mifuko miwili ya plastiki, nje kuna kiroba. Unajaza, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake. Wadudu wakikosa hewa wanakufa bila dawa. Ila usifungue kila Jumamosi kuchungulia, maana kila ukifungua unawapa pumzi. Mfuko wa kuchota uwe mmoja, mingine isiguswe. Panga juu ya mbao mbali na ukuta, na piga vita panya, kwa sababu tundu moja tu linamaliza kazi yote. Dawa ya unga isiyo na karatasi ya maelezo, hata kama muuzaji anaapa, usiweke kwenye chakula cha watoto.

Yaliyoota ukungu usiyahurumie. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu hapohapo Dodoma na jirani zenu Manyara. Kupika hakuiondoi. Kuku nao wasipewe, kwa sababu mayai utayala wewe.

Kusaga nenda na debe moja moja. Dona ina kiini chenye mafuta, haikai muda mrefu kama sembe; ikikaa sana kwenye joto inachacha. Wanasema akiba haiozi, lakini aliyesema hakuwa na ndoo ya dona jikoni.

*

*Bi Dada, Ramadhani ikikaribia bei zinapanda. Mume wangu anasema tununue vya mwezi mzima mapema, mimi naona tutavila kabla ya mfungo. Nani yuko sahihi? Tanga.*

Wote wawili, mwaya. Ninyi mmeshaona sukari mapema mwaka 2024: mvua kubwa zilisimamisha viwanda, kilo ikapanda mpaka watu wakawa wanaitafuta duka hadi duka, na Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi. Waliokuwa na kilo nane kabatini walifuturu uji kwa amani.

Usinunue vyote siku moja. Anza Rajabu: wiki hii sukari kilo mbili, wiki ijayo tambi, inayofuata ngano na maharage. Shaabani ikimalizika kabati limejaa na bajeti haijachubuka. Mafuta chukua dumu la lita 20 mgawane na shoga yako, maana dumu zima likikaa jikoni kila kitu kinakaangwa. Tende na nazi subiri. Kuhusu kuvila kabla ya mfungo, tafuta kufuli, na ufunguo usikae kwa huyo anayesema mnunue mapema. Na kumbuka Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kibubu cha mwakani nacho kianze mapema.

*

*Dada yangu, ushauri wenu ni wa wenye mishahara. Mume wangu ni fundi ujenzi, anaacha elfu kumi mezani kila asubuhi, siku nyingine elfu saba. Kila asubuhi nanunua robo ya sukari kwa mangi kwa 900, wakati kilo nzima ni 3,200. Nitajazaje chakula? Mbagala.*

Umenishika pabaya, na una haki. Hela ya mezani ina bajeti yake, na inamkamua mtu vibaya zaidi kwa sababu kila kitu unakinunua kwa kipimo kidogo. Unasema robo ya sukari kwa mangi ni 900 na kilo ni 3,200. Kwa hiyo kila kilo unaongeza 400 kwa sababu tu hukuwa na hela nzima asubuhi ile. Kwa mwezi ni kama elfu tatu. Si nyingi, lakini ongeza mafuta ya kupima, ongeza mkaa wa kopo, ongeza sabuni ya kipande.

Usijaribu kuvitoa vyote kwenye vipimo kwa mara moja. Chagua kimoja. Siku ya elfu kumi, jibane mia tano, ile ya elfu saba usijibane kitu. Ikifika 3,200 nunua kilo ya sukari. Sasa hiyo 900 ya kila asubuhi inabaki: iweke, usiile, mpaka itoe kilo nyingine na masalio. Masalio hayo ndiyo mtaji wa mafuta. Ni safari ya miezi, sikudanganyi.

Njia ya haraka zaidi ni majirani. Debe moja ni sado tano (sado yenyewe ni kopo la rangi la lita nne, jina limetoka kwa Sadolin). Wanawake watano mkichanga siku moja, mmoja akaenda sokoni kwa niaba yenu, kila mtu anapata sado yake kwa bei ya debe. Hakuna anayemdai mwenzake, tofauti na mchezo, ambapo wa mwisho kupokea ndiye hulia. Mkinunua maharage, mwombe muuzaji ya msimu huu. Yaliyokaa zaidi ya mwaka ni rahisi, ila yanagoma kuiva, na utakachookoa kwenye debe utakichoma kwenye mkaa.

Na mweleze mume wako. Kibubu kilichofichwa siku kikigundulika kinaleta maneno makubwa kuliko hela iliyomo.

*

*Dada mambo. Naishi peke yangu Sinza, napika mara tatu kwa wiki, friji ninalo. Ninunue nyama ya mwezi na gunia la mchele kama wenzangu?*

Poa, mdogo wangu. Gunia kwa mtu anayepika mara tatu kwa wiki utakuwa unafuga fukusi. Chukua kilo tano. Nyama nunua ya wiki, ikate vipande vya sufuria moja moja kabla ya kugandisha, usije ukayeyusha kilo tatu kwa ajili ya supu ya mtu mmoja. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa friji kuangalia kama nyama ni nzima.