Gazeti la mwaka 1800 lenye msiba wa Washington: ni orijino au nimepigwa?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi naishi Ohio na familia yangu. Wiki iliyopita kuna nyumba watoto wa bibi mmoja marehemu walikuwa wanauza vitu vyake, nikanunua fremu kwa dola 15, ndani kuna gazeti linaitwa Ulster County Gazette la tarehe 4 Januari 1800, limepigwa mistari myeusi kwa ajili ya kifo cha George Washington. Karatasi imeshakuwa ya kahawia na inakatika kwenye mikunjo. Mume wangu anasema tumeshatoka kimaisha 😂 Nitajuaje kama ni orijino, na je nikalilamineti lisiendelee kuharibika?

JIBU: Nzuri dada, pole na hongera kwa pamoja.

Nianze na la lamineti maana hilo ndio la haraka. Usifanye hivyo, hata kama wa stationery anakwambia ni dakika mbili tu. Lamineti ni gundi na plastiki vinavyoyeyushwa juu ya karatasi kwa joto, ikishaingia humo kuitoa bila kuiumiza ni kazi kweli kweli. Na usidhani ni ujinga wa watu wa mtaani, kuanzia miaka ya 1930 hata hifadhi kubwa za nyaraka kule Marekani zilikuwa zinavisha hati zao plastiki ya asetati kwa joto, walidhani wanaziokoa, na leo mafundi wa karatasi kama mimi tunakaa na kemikali tukijaribu kuibandua plastiki hiyo hiyo. Selotepu nayo usiiguse. Nunua bahasha ya plastiki ya poliesta isiyobandikwa, karatasi inaingia na kutoka kama daftari kwenye mfuko, nyuma weka kadibodi isiyo na asidi, halafu iweke mbali na dirisha, basi.

Sasa gazeti lenyewe. Mwambie shemeji asiache kazi kwanza.

Hilo gazeti sisi tunalifahamu sana, kila baada ya muda kuna mtu analeta. Washington alifariki tarehe 14 Desemba 1799, habari ikasafiri kwa mwendo wa farasi na mashua, na Samuel Freer na mwanawe waliokuwa wanachapa gazeti pale Kingston, New York, wakaitoa kwenye toleo la tarehe 4 Januari na mistari ya msiba. Baadaye watu wakalipenda kama kumbukumbu, wachapaji wengine wakaanza kulipanga upya herufi kwa herufi na kuliuza, biashara ikashamiri hasa pale Marekani ilipotimiza miaka 100 mwaka 1876, na ikaendelea. Kuna matoleo ya kurudia makumi kwa makumi, mengi hayakuandikwa popote kwamba ni nakala, tarehe ni ile ile 1800 na jina la Freer lipo pale pale. Nakala za kweli zinazojulikana hazifiki vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo tarehe unayoisoma pale juu ni tarehe ya msiba, karatasi yenyewe ina umri wake mwingine kabisa na huo ndio tunaoutafuta.

Na dalili umeshaitaja mwenyewe bila kujua, uliposema imekuwa ya kahawia na inakatika. Wengi wanadhani karatasi ikichakaa ndio ya zamani zaidi, kumbe kwa magazeti ni kinyume. Mwaka 1800 karatasi ilikuwa inatengenezwa kwa matambara, nguo kuukuu za kitani na pamba zinatwangwa mpaka ziwe uji, ndio maana gazeti la miaka 200 na zaidi unaweza kulikunja leo likakunjika kama kitambaa (ni kitambaa kweli, fikiria kanga ya bibi iliyofuliwa mara elfu moja). Karatasi ya mbao ilikuja kushika soko la magazeti baada ya miaka ya 1860, na mti una lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi zake, ikipigwa na mwanga na hewa inageuka kahawia halafu inakuwa kama chapati iliyolala juani. Kwa maelezo yako naona hapo tuna karatasi ya mbao, maana yake limechapwa vizazi viwili au zaidi baada ya Washington kuzikwa.

Ila usiniamini kwa maneno tu, na mimi sijaliona. Nilipoanza kazi hii kuna mzee aliniletea Tangazo la Uhuru la Marekani ndani ya fremu, nikatazama juu juu kupitia kioo nikamwambia hii nzuri sana mzee, akaondoka anatabasamu, kumbe ni ile karatasi ya suvenia wanayoichovya rangi na kuikunjakunja ionekane ya kale. Alirudi. Sitaki kukumbuka.

Kwa hiyo litoe taratibu kwenye fremu, mikono mikavu, zima taa, washa tochi ya simu kwa nyuma. Karatasi ya wakati ule iliyotengenezwa kwa mkono kwenye chekeche la waya mara nyingi inaonyesha mistari myembamba iliyobanana, ikikatwa na mistari mingine iliyoachana kama sentimita mbili na nusu hivi, na wakati mwingine alama ya maji, yaani nembo ya mtengenezaji iliyo ndani ya karatasi yenyewe, sio doa la maji. Ukiona uji mtupu sawasawa kama karatasi ya fotokopi, umeshapata jibu. Chukua pia kioo cha kukuza uangalie herufi, ukikuta vidoti vidoti hiyo ni picha ya gazeti tu. Ukikuta herufi zimeuma karatasi ukapapasa nyuma ukasikia vinundu, usishangilie bado, hao wachapaji wa kurudia nao walitumia herufi za madini ya risasi vile vile. Na ile s ndefu ya uchapaji wa kale inayofanana na f pia haithibitishi kitu, walikuwa wanaiiga. Mwisho wa yote ni kulinganisha mstari kwa mstari na nakala ya kweli, na Maktaba ya Bunge la Marekani inayo, tena wameandika mwongozo mfupi kuhusu gazeti hili hili kwa sababu wamechoka kuulizwa.

Kitu kimoja, lile bodi la nyuma ya fremu usilitupe kabla hujalikagua. Mwaka 1989 kuna mtu alinunua picha kwa dola 4 kwenye soko la mitumba Adamstown, Pennsylvania, alitaka fremu tu, nyuma ya picha akakuta Tangazo la Uhuru lililochapwa na John Dunlap usiku wa tarehe 4 Julai 1776, likauzwa mwaka 1991 kwa zaidi ya dola milioni 2.4. Hiyo ni bahati ya mmoja kwa mamilioni lakini kukagua ni bure.

Likiwa la kurudia thamani yake sokoni ni dola chache, labda dola zako 15 zirudi. Mimi ningelibakiza nyumbani. Tafuta ndani yake tangazo la mtu wa Rochester, kijiji cha hapo hapo Ulster, anauza nusu ya kiwanda cha kupasua mbao, na mstari unaofuata, bila hata kushusha pumzi, anauza mwanamke mweusi mwenye nguvu na afya. Hii ni New York, sio kusini! Sheria ya kuwaachia watumwa polepole ilikuwa imepitishwa 1799, utumwa wenyewe ukaisha kule 1827, na Sojourner Truth, mwanamke aliyekuja kuwa mpinga utumwa maarufu, alizaliwa mtumwa kwenye kaunti hiyo hiyo karibu mwaka 1797. Siku lilipotoka gazeti alikuwa mtoto mdogo tu maeneo hayo.

Ukishapiga tochi nitumie picha, ya upande uliomulikwa kwa nyuma tafadhali, sio ile ya mbele yenye kivuli cha simu.