Re: Laurine van Riessen wa barafu na wa baiskeli ni mtu mmoja?

Mambo mkuu, umekwama kama van Riessen wa mbio za kuteleza kwenye barafu ndo yuleyule wa baiskeli, ni yeye huyohuyo Mholanzi. Cheki kwanza ni Olimpiki ipi, mimi huwa naanzia hapo: ya baridi ni barafu, Vancouver 2010 alibeba shaba mita 1000 halafu akaenda na Sochi 2014, ya kiangazi ni baiskeli, Rio 2016 na Tokyo. Klipu unayoitafuta ni ya keirin (mbio za baiskeli za kuzunguka uwanja) ya Rio, alipandisha baiskeli mpaka kwenye ukuta wa matangazo asigongane na wenzake, akashuka bila kuanguka, yani daah! Tokyo alianguka vibaya akatolewa kwa machela, iliniuma sana.