Biti ya bure ina mwenyewe

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni seremala hapa Morogoro, usiku narekodi nyimbo zangu kwa simu, zingine napiga gitaa zingine nimetumia biti niliyoshusha bure YouTube. Sitafuti ustaa, nataka tu watu wasikie. Niweke wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anza na Audiomack, programu ya kusikiliza muziki, unafungua akaunti unapandisha wimbo mwenyewe bila kulipa wala kumuomba mtu. Spotify lazima upitie kwa msambazaji, yaani kampuni inayokupelekea wimbo huko, na tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi hata shilingi, kwa hiyo usitoe hela ya msambazaji ukitegemea itarudi.

Sasa hiyo biti ndo inanitia wasiwasi. Nenda kasome maelezo yaliyoandikwa chini ya ile video, wengi wanakuruhusu utumie bila kuuza na umtaje prodyuza, wakishaona wimbo unaingiza hela wanataka ununue leseni. Halafu YouTube ina mfumo wa Content ID unaolinganisha sauti, mwenzio akishasajili wimbo wenye biti hiyohiyo basi wako unaweza kupigwa dai hata kama mashairi umetunga mwenyewe, na matangazo yakilipa hela inaenda kwake, inauma sana hiyo.

Mi ningekuwa wewe ningetanguliza zile za gitaa. Zima feni, rekodi chumba chenye nguo nyingi na godoro ili sauti isirudi rudi, na faili la mwanzo usilifute kwenye simu, lihifadhi na kwenye barua pepe yako.