Ukienda Stockholm siku chache, panda boti kwanza

Naandika hii kwa sababu watu kibao wameniuliza Stockholm kuna nini cha kuona zaidi ya baridi, na kila nikianza kujibu najikuta naongelea meli moja tu mpaka chai inapoa. Basi ngoja nianze na hiyo hiyo meli.

Inaitwa Vasa, ipo kwenye makumbusho yake kisiwa cha Djurgården. Mfalme Gustav II Adolf wa Sweden aliagiza meli kubwa ya vita, ikapakiwa mizinga 64, na tarehe 10 Agosti 1628 ikang'oa nanga hapo hapo Stockholm watu wamejaa ufukweni wanaangalia, ikaenda kama mita 1,300 hivi, upepo ukapiga, ikalala ubavu, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama. Safari ya kwanza hiyo hiyo na ya mwisho. Wakaja kuiopoa 1961, miaka 333 imekaa chini, na ukiingia pale ndani unaikuta imesimama nzima, karibu mbao zote ni zile zile za mwanzo.

Mie nimekulia Tanga na babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, kwa hiyo niliposhuka ghorofa ya chini kabisa nikawa usawa wa mkuku, ule uti wa chini kabisa wa meli, nikamkumbuka na tezo lake mpaka machozi yakanilenga. Maana kosa la ile meli ni lile babu alilokuwa anatuambia kila siku, chombo ni farumi, yaani ule uzito unaowekwa chini ili kisipinduke. Vasa ilikuwa nyembamba chini, juu imebebeshwa mizinga mizito sitaha mbili, mawe ya farumi hayakutosha, na hata wangetaka kuongeza isingewezekana kwa sababu matundu ya mizinga ya chini yangekaribia kugusa maji. Na walijua jamani! Kabla haijatoka walifanya jaribio, wakawakimbiza mabaharia 30 kutoka ubavu huu kwenda ule, meli ikayumba vibaya mpaka wakaambiwa waache, na bado ikatolewa. Watu kama 30 wakafa.

Halafu nikajiuliza, sisi huku chombo usipokipaka deheni haichukui muda mrefu wadudu washatoboa mbao, sasa hii imekaaje karne tatu? Jibu ni kwamba bahari ya Baltiki chumvi yake ni ndogo sana, yule mdudu haishi humo. Nilikaa mle ndani saa tatu nzima na ningeweza kuongeza. Nenda asubuhi wanapofungua kabla makundi hayajafika, watu wazima wanalipa kiingilio ila walio chini ya miaka 18 ni bure, na beba sweta hata kama nje kuna jua, mle ndani kuna ubaridi na mwanga hafifu kwa ajili ya kuzihifadhi zile mbao. Ukimaliza chini panda mpaka juu uitazame tezi, yaani upande wa nyuma wa meli, ilivyochongwa, simba wawili wameshika nembo, kazi ya mkono hiyo.

Sasa namna ya kufika. Mji wenyewe umekaa juu ya visiwa 14, na kosa wanalofanya wageni wengi ni kununua ziara za boti za kitalii kwa bei ya kuumiza wakati boti za kawaida za wananchi zipo kwenye usafiri wa umma. Nunua tiketi ya saa 72 ya SL, ndio shirika la usafiri wa umma la pale, hiyo moja inakupandisha metro, basi, tramu, na boti namba 82 inayotoka Slussen kwenda Djurgården. Dakika kama 10 tu lakini unauona mji mzima kutokea majini, upande huu nyumba za zamani za Gamla Stan, upande ule majabali ya Södermalm, na pembeni yako amekaa mama na mfuko wake wa sokoni anarudi nyumbani. Mie nilipanda mara tano. Ukitaka ndefu zaidi kuna namba 80 inayoanzia Nybroplan, tiketi ni ile ile.

Kutoka uwanja wa ndege wa Arlanda kuna treni ya haraka kama dakika 20 lakini bei yake si mchezo. Ukiwa huna haraka chukua basi namba 583 mpaka Märsta, pale panda treni ya abiria mpaka mjini, yote kwa tiketi ya SL, ni kama saa nzima hivi. Teksi kuwa makini, Sweden bei za teksi hazipangwi na serikali, kila kampuni inajipangia, kwa hiyo soma ile stika ya bei dirishani kabla hujaingia.

Na pesa taslimu usizitegemee kabisa. Siku ya kwanza nilikuwa na dola mfukoni nikijiona nimejipanga, nikaingia mgahawani na njaa yangu, yule dada akanionyesha kibao kwamba hawapokei keshi, nikatoka hivyo hivyo. Kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi ndiyo kila kitu, uijaribu kabla hujasafiri.

Kula mchana, usiku ni ghali. Kuanzia saa tano mpaka saa nane mchana migahawa mingi ina kitu kinaitwa dagens lunch, bei moja unapata chakula, saladi, mkate na mara nyingi na kahawa. Maji kunywa ya bomba, ni mazuri. Na usiondoke bila kula kardemummabulle, mkate mtamu wa kusokotwa wenye iliki, na iliki yenyewe wanaiweka kweli kweli, imepondwa unaiona kwa macho. Kule wao kukaa na kahawa na kitafunio na mtu wako kwa Kiswidi kunaitwa "fika", kama sisi barazani tu.

Gamla Stan tembea bila ramani, vichochoro vyake vinakumbusha Mji Mkongwe, kimoja kinaitwa Mårten Trotzigs gränd, pale kilipo chembamba kabisa upana wake sentimita 90 tu. Ila zawadi usinunue barabara ya Västerlånggatan, ile ni ya watalii. Nenda mpaka uwanja wa Stortorget, pale ndipo tarehe 7 Oktoba 2021 lilitangazwa jina la Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, kwamba ameshinda Nobel ya fasihi. Jengo lilikotangazwa ndilo hilo hilo lenye makumbusho ya Nobel, na mgahawani washindi wana desturi ya kusaini chini ya viti. Wangari Maathai usimtafute Stadshuset, lile jumba la jiji wanakoandaliwa karamu washindi wa Nobel, maana tuzo ya amani wanatoa Oslo.

Siku ya mvua shuka kwenye metro. Stesheni ya T-Centralen laini ya bluu wamechora majani ya bluu kwenye mwamba wenyewe tangu 1975, na Solna centrum dari ni jekundu kama moto.

Wanaosali, msikiti mkubwa upo karibu na Medborgarplatsen, zamani lilikuwa jengo la kufua umeme, umefunguliwa mwaka 2000. Nilikwenda mwisho wa Mei, magharibi inaingia karibu saa nne usiku, na Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, kwa hiyo kama una siku chache tu mie ningekushauri Mei au Juni, na viza ya Schengen uombe mapema, wanapokea mpaka miezi sita kabla ya safari.

Jioni ya mwisho nenda Monteliusvägen, njia ya miguu juu ya jabali pale Södermalm, shukia stesheni ya Mariatorget utembee dakika chache. Kuna mabenchi, chini yako maji, ng'ambo mnara wa Stadshuset. Nunua mkate wa iliki njiani, maana pale juu hakuna duka.