Mstari wa Biblia kwenye andalio la hisabati: uingie wapi?

Swali: Nafundisha hisabati na sayansi madarasa ya juu ya shule ya msingi, shule ya Kikristo. Uongozi unataka kila andalio la somo lionyeshe mtazamo wa Biblia. Kwa sasa naandika mstari juu ya ubao, tunausoma kwa pamoja, kisha naendelea na asilimia kama kawaida. Wanafunzi wameshazoea, hata hawauangalii tena. Nifanyeje ili viwili hivi vishikane?

Jibu: Mwalimu, jaribu kwanza kufuta ule mstari kwenye andalio lako. Kama maswali na mazoezi yanabaki yaleyale, basi ulikuwa pambo, na wanafunzi wako wameligundua hilo kabla yako.

Tatizo huanzia kwenye mpangilio wa kazi. Walimu wengi huandaa somo lote, halafu hutafuta neno linalofanana na mada kwenye faharasa ya Biblia. Anza upande wa pili: elimu hii watu huitumia kufanya nini, na ikitumiwa vibaya anayeumia ni nani? Hapo ndipo Maandiko huwa na la kusema.

Tuchukue hiyo asilimia. Katika Amosi 8:5 wafanyabiashara wanapanga kuipunguza efa na kuiongeza shekeli. Efa ni kipimo cha kupimia nafaka. Shekeli hapa ni jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, maana malipo yalipimwa kwa uzito. Mnunuzi anaibiwa mara mbili katika biashara moja. Sasa wape darasa hesabu: efa imepunguzwa kwa asilimia 10, shekeli imeongezwa kwa asilimia 10. Mnunuzi amezidishiwa bei kwa asilimia ngapi?

Karibu wote watajibu 20. Waache wajibu, na uandike 20 ubaoni. Kisha wafanye kwa hatua: amelipa 1.1 na kupata 0.9, kwa efa moja kamili analipa 1.1 ÷ 0.9, yaani 1.222. Amezidishiwa kwa zaidi kidogo ya asilimia 22. Hizo mbili zilizozidi ndizo somo lako la asilimia, kwa sababu zinawalazimisha kuuliza "asilimia 10 ya nini?" Na swali linalofuata hulazimishi: kwa nini mwizi achezee vipimo viwili kidogokidogo badala ya kimoja sana? Kwa sababu upungufu mdogo hauonekani kwa macho. Mambo ya Walawi 19:35-36, inayoagiza mizani na vipimo vya haki, sasa husomwa kama sheria yenye sababu.

Kwa kipindi cha dakika 40, tumia kama 15 kufundisha asilimia yenyewe bila mstari wowote, 5 kusoma na kueleza vipimo, 15 kwa hesabu, zinazobaki kwa mjadala. Ukiusoma mstari mwanzoni kabisa, watajua jibu la kimaadili kabla ya kukokotoa, na hesabu itakuwa adhabu tu.

Makosa mengine hujirudia. Wafilipi 4:13 ("Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu") hubandikwa kabla ya mtihani, ilhali aya ya 12 inazungumzia kuridhika katika shibe na katika njaa. Ukiwafundisha watoto kukata andiko hivyo, umeharibu somo la Biblia ili kupamba la hisabati. Kosa jingine ni kulitumia andiko kuzima swali. Mada ya duara ikifika, mwanafunzi mjanja atakuletea 1 Wafalme 7:23, panapoelezwa chombo cha duara: kipenyo dhiraa 10, mzingo 30, ilhali 10 × 3.14 ni 31.4. Usimkemee. Mwambie agawanye 30 kwa 3.14, atapata 9.55, ambayo ikikadiriwa kwa namba nzima ni 10. Mwandishi anaeleza chombo kwa dhiraa nzima, na wewe umepata mfano mzuri wa makadirio.

Kuhusu kusahihisha: toa alama kwa hesabu na kwa hoja, kamwe si kwa imani. "Eleza kwa namba kwa nini udanganyifu wa Amosi 8:5 ni vigumu kugundulika" ni swali la mtihani, na mtoto wa dini nyingine analijibu sawasawa na wenzake. "Mungu anakufundisha nini kupitia asilimia?" halina usahihishaji; litakuletea madaftari yenye sentensi ileile iliyonakiliwa.

Hilo la kila andalio liongee na uongozi. Omba mtazamo wa Biblia uonyeshwe mara moja kwa kila mada kuu, kwenye azimio la kazi, mahali unapoingia kwa haki: vipimo, faida na hasara, riba, takwimu, utunzaji wa mazingira (Mwanzo 2:15). Kutafuta kigawe kidogo cha shirika hakuhitaji mstari. Kwenye kipindi kama hicho, mtazamo wa Kikristo unaonekana kwa mwalimu aliyejiandaa na anayesahihisha madaftari yote, la mtoto mzito na la mwepesi, kwa uangalifu uleule.