Maswali ya wasomaji: "Hivi Anisimova alistahili kweli ile fainali?"

Jamani barua za tenisi zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, na karibu nusu yake zinauliza kitu kimoja, fainali ya wanawake ya Wimbledon 2025, ile Iga Swiatek alipomfunga Amanda Anisimova. Naanza na hiyo basi, zingine zitafata.

SWALI: Habari kaka. Mi ni shabiki wa Iga Swiatek toka achukue Roland Garros ya Paris 2020 kwa hiyo nilifurahi sana, ila niseme ukweli ile fainali ilinikera. Yaani watu wamelipa hela zao kuingia Centre Court, uwanja mkuu, halafu mechi inaisha 6-0 6-0, dakika 57 tu? Anisimova alifikaje pale? Naona hata Sabalenka angeleta ushindani.

JIBU: Salama dada yangu, na hongera kwa ubingwa wa mtu wako. Ila kwa Anisimova hapo mi na wewe hatuelewani. Huyo Sabalenka unayemtaja si ndo alitolewa na Anisimova huyohuyo kwenye nusu fainali, 6-4 4-6 6-4, tena akiwa namba moja wa dunia? Kama Sabalenka alistahili, basi aliyemtoa anastahili zaidi.

Kilichomuua fainali ni miguu. Ukipata nafasi iangalie tena, usiangalie mpira, muangalie yeye kuanzia kiunoni kwenda chini. Mchezo wa Anisimova ni wa kuuwahi mpira ukiwa bado unapanda na kuupiga bapa, bila mzunguko mwingi, na hiyo bekihendi yake (pigo la upande wa kushoto) ya mikono miwili ni kati ya nzuri kabisa duniani kwa sasa, lakini mtu anayepiga hivyo lazima miguu iwe imeshafika na imetulia kabla mkono haujaenda. Siku ile miguu haikufika. Gemu ya kwanza anasevu yeye (ndo anayeanzisha mpira), anavunjiwa, yaani anapoteza gemu aliyosevu mwenyewe, na toka hapo unamuona anapiga kwa mkono peke yake, mpira unaishia kwenye neti au unapitiliza, anajaribu kusevu kwa nguvu zaidi ndo dabo folti (kukosea sevu mbili mfululizo) zinazidi. Makosa ya kujitakia yalifika 28 kwenye gemu 12 tu. Na Swiatek hakumpa hata nafasi ya kuvuta pumzi, kila mpira anaurudisha ndani kabisa karibu na miguu yake. Hilo nampa Swiatek heshima yake yote, maana wengi tulikua tunasema nyasi za Wimbledon si uwanja wake.

Lakini kumcheka Anisimova siwezi, na nimesikitika kuona watu wanamcheka. Huyu ni binti aliyefiwa na baba yake 2019, siku chache kabla ya US Open. Mei 2023 akaweka raketi chini akasema amechoka, akili haiko sawa, anahitaji kupumzika. 2024 karudi Wimbledon akatolewa kwenye mechi za mchujo, yaani hata mlango wa mashindano yenyewe hakuingia. Mwaka mmoja baadae yuko fainali. Halafu baada ya kipigo kile akasimama na kipaza sauti mbele ya uwanja mzima, analia, anamshukuru mama yake ambaye alikua amepanda ndege kuja kumuona na kafika asubuhi ileile. Mi nilikua nimekaa nikajikuta nimesimama.

Sasa dada unajua kilichofata. Siku 53 baadae, robo fainali ya US Open, kapangiwa nani? Swiatek. Mwenyewe alisema usiku wa kabla ya mechi alikaa akaitazama tena ile fainali, na kwamba iliuma. Hebu fikiria, nani kati yetu anaweza kukaa peke yake aangalie siku yake mbaya kuliko zote, halafu kesho yake aende kazini na mtu yuleyule? Akashinda 6-4 6-3, akamtoa na Naomi Osaka, akaingia fainali nyingine. Kule akafungwa na Sabalenka, sawa, lakini seti ya pili ilienda mpaka taibreki, gemu ya kuamua seti ikifika 6-6.

SWALI: Kaka mi naona Sinner anasifiwa kupita kiasi. Paris, fainali ya Roland Garros 2025 na Alcaraz, alikua na pointi tatu za ubingwa, yaani akishinda moja tu ni bingwa, akazichezea, mtu wa namba moja hawezi kufanya vile. Na Wimbledon alibebwa, mpinzani wake Dimitrov asingeumia Sinner alikua anarudi nyumbani mapema tu.

JIBU: Ndugu yangu nusu ya barua yako nakubaliana nayo. Kwa Dimitrov ni kweli kabisa, jamaa alikua anaongoza 6-3 7-5 na seti ya tatu wako 2-2, anapiga sevu mara kashika kifua, kakaa chini, na ilikua Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya mwaka) ya tano mfululizo mwili unamuangusha katikati ya mechi. Iliniuma sana. Sinner mwenyewe alikua ameanguka mwanzoni mwa mechi akaumia kiwiko na hakua anaonyesha dalili ya kugeuza kitu. Bahati ilikuepo, siwezi kukataa.

Ila hiyo ya Paris unamuonea. Zile pointi tatu, seti ya nne, Sinner yuko mbele 5-3, ni Alcaraz ndo alikua anasevu, akiwa 0-40. Alcaraz alizichukua mwenyewe. Kama unataka kumlaumu Sinner mlaumu kwenye gemu iliyofata, aliposevu kwa ajili ya ubingwa akavunjiwa. Na hata baada ya hapo seti ya tano Alcaraz nae alisevu kumaliza mechi na Sinner akamvunja, wakaenda taibreki ndefu, Sinner akafa 10-2, baada ya masaa 5 na dakika 29. Mtu asiye na roho hafiki huko.

Wiki tano tu zikapita. Fainali ya Wimbledon, Alcaraz huyohuyo, bingwa wa 2023 na 2024, kamfunga Sinner mara tano mfululizo, na seti ya kwanza Sinner anaongoza 4-2 halafu anapoteza gemu nne mfululizo. Mi nikasema basi, Paris imerudi. Na kweli seti ya nne, Sinner yuko mbele 4-3, anasevu, anajikuta 15-40, pointi mbili za kuvunjiwa. Hapo ndo nilipomuangalia uso. Hakubadilika hata kidogo, anadundadunda mpira vilevile kama yuko mazoezini, anasevu, anaokoa ya kwanza, anaokoa ya pili, gemu yake. Dakika chache baadae 6-4, Muitaliano wa kwanza kuchukua Wimbledon ya mchezaji mmoja mmoja. Mi nimeangalia tenisi miaka mingi na zile pointi mbili naziweka juu kuliko esi (sevu isiyoguswa na mpinzani) yoyote aliyopiga mwaka ule.

SWALI: Djokovic astaafu tu jamani, anajiaibisha.

JIBU: Hapana. Mwaka 2025, mwaka aliotimiza miaka 38, alifika nusu fainali ya Grand Slam zote nne. Nitajie wengine wawili zaidi ya Sinner na Alcaraz waliomzidi mwaka ule.

SWALI: Shikamoo. Naomba maoni yako kuhusu Wimbledon kuondoa waamuzi wa mistari na kuweka mashine. Mimi nilikuwa naona wale waamuzi ni sehemu ya Wimbledon yenyewe.

JIBU: Marahaba. Mi pia nawakumbuka, na 2025 ndo mwaka wa kwanza hawakuepo kabisa. Mashine kwa kweli inaona vizuri kuliko jicho, sina ugomvi na hilo, ugomvi wangu ni ile mechi ya wanawake ya Pavlyuchenkova na Kartal mwaka huohuo. 4-4 seti ya kwanza, Pavlyuchenkova yuko pointi moja kuchukua gemu, mpira wa Kartal umetoka wazi kila mtu kauona, mashine kimya. Kumbe kuna mtu alikua ameizima upande ule kwa bahati mbaya. Mwamuzi wa kiti badala ya kuamua mwenyewe akasema pointi irudiwe, Pavlyuchenkova akapoteza ile gemu. Seti alikuja kuichukua na mechi akashinda, waandaaji wakaomba radhi, lakini yule mwamuzi alikua amekaa pale juu, macho anayo, na mpira aliuona.