Dai Namba za Presha ya Oili Kabla ya Kupokea Injini Iliyofanyiwa Ovaholi

Mtu aliyelipia injini yake ifunguliwe yote, krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) isagwe, silinda zichongwe na ringi mpya zifungwe, anastahili kupewa zaidi ya sauti nzuri ya injini siku ya makabidhiano. Anastahili kupewa namba za presha ya oili, zilizopimwa kwa geji ya mshale iliyofungwa moja kwa moja kwenye bloku, oili ikiwa imepata moto sawasawa. Nimemiliki Hilux za dizeli kwa miaka mingi na nimesimamia injini za ndugu na majirani zikifungwa upya, na sijaona kipimo kingine kinachofichua ubora wa kazi ya ndani kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Wengi huridhika taa nyekundu ya oili inapozimika. Katika magari mengi swichi ya taa hiyo hukata mawasiliano presha ikifika kati ya baa (kipimo cha presha) 0.2 na 0.5 tu, kwa hiyo taa iliyozimika inakuambia kwamba presha ipo, lakini haikuambii kama inatosha kuilinda krenki wakati gari linapanda mlima mkali wa Kitonga likiwa na mzigo.

Ni vema kuelewa presha hiyo inatoka wapi. Kazi ya pampu ni kusukuma oili, na presha huzaliwa pale oili inapobanwa ili ipite kwenye nafasi finyu iliyopo kati ya krenki na beringi zake, nafasi ambayo katika injini nyingi za magari madogo haizidi sana milimita 0.03 hadi 0.06. Nafasi hiyo ikiongezeka mara mbili, oili inayovuja kupitia hapo huongezeka takriban mara nane, ndiyo maana kosa dogo la kusaga krenki au kuchagua beringi, lisiloonekana kwa macho, huonekana mara moja kwenye geji.

Geji yenyewe hufungwa mahali pa swichi ya oili. Angalia nyuzi za nati kabla ya kukaza, kwa sababu swichi nyingi za Kijapani hutumia nyuzi 28 kwa inchi, ilhali geji nyingi za Kimarekani zina nyuzi 27, na ukilazimisha utaharibu tundu la bloku. Kisha, kabla injini haijawashwa kwa mara ya kwanza, izungushwe kwa stata bila kuwaka: kwa dizeli, chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu ya nozeli, kwa petroli, toa plagi zote na ukate umeme wa kuchomea. Zungusha kwa vipindi vifupi, ukiipumzisha stata, mpaka mshale upande. Mshale usipopanda, injini isiwashwe hata kwa dakika moja, bali sababu itafutwe kwanza.

Ikishawaka, mshale utaruka hadi baa 4, 5 au zaidi, na hapo ndipo mafundi wengine hukuita uone na ufurahi. Usifanye uamuzi wakati huo. Oili ya 15W-40 katika nyuzi joto 100 ni nyepesi takriban mara saba kuliko ilivyo katika nyuzi joto 40, kwa hiyo injini baridi yaweza kuonyesha presha nzuri hata kama beringi zake ni legevu. Tena, geji ya joto la maji kufika katikati haimaanishi kwamba oili nayo imepata moto, kwa kuwa oili huchelewa. Mimi huliendesha gari barabarani kwa dakika 20 hivi, ndipo ninaposoma presha injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa, kisha kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika.

Vitabu vya ufundi vya Toyota, kwa injini zake nyingi za zamani, huweka kiwango cha chini cha kilopaskali 29 injini ikinguruma taratibu, yaani takriban baa 0.3, na kwenye mizunguko 3,000 hutaka baa 2.5 hadi 5 hivi, kutegemea injini. Hata hivyo, kile cha chini ni kiwango cha injini iliyokwisha kutumika. Iliyofungwa jana, ikiwa na moto, mimi siipokei ikishuka chini ya baa 1.

Namna mshale unavyotembea nayo ina maana. Ukitetemeka, mara nyingi bomba la kunyonyea oili linavuta hewa kwenye gasketi yake. Presha ikishuka unapopiga resi, shuku chujio la ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) limezibwa, na silikoni iliyopakwa kwa wingi ndiyo huwa chanzo. Ikibaki juu kupita kiasi hata baada ya moto, valvu ya kupunguza presha huenda imekwama. Ikiwa chini wakati wote, anza na pampu na vizibo vya njia za oili kwenye bloku, ambavyo hutolewa wakati wa kuosha na huweza kusahaulika. Hiace ya ndugu yangu ilisoma vizuri asubuhi na kuanguka karibu na sifuri baada ya moto. Ilipofunguliwa tena ilikutwa na pampu ya zamani, yenye mikwaruzo mirefu, iliyorudishwa bila kupimwa.

Ninapinga kwa nguvu zote desturi ya kumwaga oili nzito ili mshale upande. Oili nzito hupandisha namba bila kuziba nafasi iliyozidi, na huchelewa kufika juu kwenye kemu, shafti inayofungua valvu, kila asubuhi. Tumia oili iliyotajwa na mtengenezaji, na namba iliyopatikana iandikwe na fundi kwenye risiti pamoja na tarehe na aina ya oili.

Baada ya kilomita 500 hadi 1,000, mwaga oili ya kwanza, kata filta ukaangalie kama kuna vipande vya beringi vinavyong'aa, kisha funga geji tena na upime kwa moto uleule. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Presha ikiwa imeshuka waziwazi, rudisha gari kwa fundi siku hiyohiyo, ukiwa na ile risiti mkononi.